Nani Alimfundisha Uhura Kiswahili?

Wapenzi wa tamthilia za anga za juu wana mchezo wao: kutafuta mahali ambapo hadithi ina pengo. Pengo moja linatuhusu sisi Waswahili, nalo liko wazi tangu 1967.

Tuanze na jina. Star Trek ilipoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966, Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitatu ya uhuru. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Neno likampendeza Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia hiyo. Herufi ya mwisho ikabadilishwa, akapatikana Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano anayejua Kiswahili.

Katika kipindi cha "The Changeling", kilichorushwa tarehe 29 Septemba 1967, mtambo uitwao Nomad unafuta kumbukumbu zake. Anaanza kufundishwa kusoma Kiingereza kama mtoto wa darasa la kwanza. Akikwama, Kiswahili kinamtoka. Muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza. Daktari anaahidi kwamba atarejea kazini ndani ya wiki moja. Kweli, tarehe 6 Oktoba kipindi kingine kikarushwa, na Uhura yupo kazini kama kawaida.

Sisi mainjinia hatuwezi kuliacha hilo lipite. Kama kumbukumbu zilifutwa, Kiswahili kilijificha wapi?

Wataalamu walikuwa wamelijadili jambo hili zamani. Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu za kale ndizo ngumu kupotea. Kwa hiyo lugha ya utotoni hubaki. Mwenzake Albert Pitres, mwaka 1895, alitazama wagonjwa wa lugha nyingi waliopoteza usemi, akasema hurudi kwanza ile waliyoizoea zaidi. Wagonjwa wa namna zote mbili wameonekana. Kwa Ribot, Uhura ameponyoka na Kiswahili chake. Kwa Pitres, angeamka na Kiingereza, maana ndicho cha kazini.

Sisi tuliokulia Mombasa, Tanga au Bukavu tunajituliza na Ribot: Kiswahili kimo, hakitoki. Lakini watoto wetu waliozaliwa hapa Rexdale je? Kama Kiingereza ndicho walichoanza nacho, na ndicho wanachokitumia zaidi, Ribot na Pitres wote wawili wanatoa jibu lilelile. Hakuna mtambo uliowafuta. Kisichoandikwa hakifutiki.

Tangu 2022 Uhura wa Strange New Worlds, ambaye ni Mkenya, anaigizwa na Celia Rose Gooding, na studio iko Mississauga, jirani zetu. Karne ya 23, na bado kuna anayejua Kiswahili! Mfululizo wa kwanza, wa 1966 hadi 1969, haukutuonyesha alikipata kwa nani. Hilo kwangu ndilo pengo kubwa zaidi. Chombo kiende kasi namna gani, lazima palikuwa na mtu mzima nyumbani aliyemsemesha Kiswahili kila jioni, akakataa kujibiwa kwa Kiingereza.