Kisiki Kinachochipua: Utafiti wa Wanafunzi katika Miyombo ya Biharamulo na Ngara

Utafiti wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza katika ikolojia ya misitu, yaani elimu ya uhusiano wa miti na udongo, moto, wanyama na binadamu, aghalabu huhesabiwa kuwa sharti la kuhitimu tu: mwanafunzi hukaa porini majuma machache, huandika ripoti, na ripoti hubaki rafuni. Makala haya yanashikilia kwamba huko Nyamahanga na kwingineko katika wilaya za Biharamulo na Ngara, desturi hiyo inapoteza maarifa ambayo hayapatikani kwa njia nyingine, kwa sababu ya historia ya mahali hapa.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda waliokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji uliopikia kuni za pori lililouzunguka, hadi wengi wao waliporejea kwao Desemba 1996. Ni nadra kwa mtafiti kuujua, kama hapa, mwaka hasa ambao ukataji mkubwa ulianza. Tena miyombo, miti ya pori hili, haifi kirahisi inapokatwa, kwani mizizi hubaki hai na kisiki huchipua. Hivyo chipukizi ambalo halijaguswa tangu wakati ule lina takribani miongo mitatu, ilhali lile la mahali palipochomwa mkaa baadaye ni changa zaidi, na anayeweza kuutenganisha umri wa hayo mawili ni mzee wa kijiji anayekumbuka nani alikata wapi.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kipenyo cha shina hupimwa kwa tepu kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na kisiki kimoja kikiwa na machipukizi matano, kila moja hupimwa peke yake lakini huandikwa kuwa la mzizi mmoja. Anayesahau hilo huhesabu miti mitano palipo na mmoja, na msitu uliochoka huonekana umestawi.

Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, iliyoanza mwaka 2009, ilitoa picha ya nchi nzima, lakini kwa kijiji kimoja picha hiyo ni ya mbali mno. Pengo hilo wanafunzi wanaweza kuliziba, hasa kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, inawapa msitu unaolindwa wa kulinganisha na ule wa vijijini. Husemwa kwamba vipimo vya wanafunzi havitegemeki. Hoja hiyo ina uzito, ila dawa yake ni msimamizi kurudia kupima sehemu ya miti, wala si kuitupa kazi yote.

Kinachokosekana ni mwendelezo. Kiwanja cha sampuli kikiwekewa kigingi cha chuma, majira ya nukta yake yakahifadhiwa chuoni pamoja na majina ya miti kwa Kihangaza na Kisubi, mwanafunzi wa miaka mitano baadaye atakirudia kisiki kile kile, na tofauti ya vipimo viwili hivyo ndiyo itakayoonyesha kasi ambayo pori linarudi.