Mizani ya Pamba



Ukisimama Igogo, hapa Mwanza, ziwa liko mbele yako na reli iko jirani. Reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928 kutoka Tabora, na kwayo marobota ya pamba ya Usukuma yakasafirishwa hadi pwani kwenda kupakiwa melini. Njoo tuitazame pamba hiyo, kwani ina funzo kwetu sote.

Zama za Waingereza, lalamiko kubwa la mkulima lilikuwa mizani ya mnunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Paul Bomani na wenzake wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama hivyo, uliojulikana kwa herufi VFCU. Haikupita miaka mingi, ukawa na viwanda vyake vya kuchambulia pamba, ukahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Mizani ikawa mikononi mwa mwenye jasho. Je, haki nayo ilikaa?

Mwaka 1966 Serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Tume ikakuta watumishi wasio waaminifu, uhaba wa watu wenye ujuzi, siasa kuingilia kazi, na wanachama wasiojua haki zao. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na kazi yao wakapewa mashirika ya umma. Vikarudishwa katika miaka ya 1980, lakini imani ya mkulima ilikuwa imekwisha kujeruhiwa.

Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Wakaigombea pamba bila kutazama ubora wake, na baadhi ya wakulima wakatia maji na mchanga ili gunia lizidi uzito. Aliyepunjwa jana, leo akapunja. Pamba ya Tanzania, iliyokuwa ikipata nyongeza ya bei katika soko la dunia, ikaipoteza. Mnunuzi wa ng'ambo hagombi nasi. Huenda kununua kwingine.

Waona, ndugu yangu? Mizani ilibadilisha wenyewe mara kadhaa, na maradhi yakabaki yale yale. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Mutaffifin amewaonya wanaotaka kipimo kamili wanapopokea, na kupunguza wanapotoa. Hakumtaja Mzungu wala Mwafrika, tajiri wala maskini.

Na Mtume (S.A.W.) alipomtuma mtu kukusanya zaka, naye akarudi akitenga fungu na kusema amepewa zawadi, alimkemea hadharani: lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingalimfuata? Huo ndio ukaguzi wa kiongozi: kumuuliza mbele ya watu, mali ingali mkononi.

Basi usingoje tume. Katika chama chako, kamati ya msikiti na mali ya wakfu, omba hesabu zisomwe mkutanoni. Wala mwenye kuuliza asiitwe fitina. Tena dukani kwako, itazame mizani yako mwenyewe. Taifa haliwezi kushindana na wengine sokoni ilhali watu wake wanapunjana nyumbani. Anayeiba ana dhambi yake, na sisi tunaonyamaza tutaulizwa kimya chetu.

Wabillahi tawfiq.