Kigezo Kisichotaja Jinsia

Mwaka 1958 Jimbo la Mashariki, ambalo makao yake makuu yalikuwa hapa Morogoro, lilipiga kura kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Julius Nyerere alimshinda Patrick Kunambi, mwana wa Uluguru. Ushindani huo unakumbukwa. Kinachosahaulika ni nani hakuwa na kura.

Mpiga kura alipaswa kuwa na kipato, elimu au wadhifa wa kiwango kilichowekwa na serikali ya kikoloni. Masharti hayo hayakumtaja mwanamke, wala hayakuhitaji kumtaja. Mkulima wa Matombo au Mgeta aliyeinamia jembe mlimani tangu alfajiri hakuwa na mshahara wala cheti. Naam, Uluguru ardhi ilirithiwa kwa upande wa mama. Lakini aliyeusemea ukoo aghalabu alikuwa mjomba. Kurithi ni jambo moja, kuamua ni jingine.

Katika uchaguzi huo wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alichagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wanawake walioingia barazani kwa kura ni Sophia Mustafa wa Arusha, Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani, na Barbro Johansson, mwalimu mmisionari kutoka Sweden. Waliungwa mkono na TANU, nao waliitumikia nchi kwa uaminifu. Hata hivyo, hakuchaguliwa mwanamke Mwafrika hata mmoja, ilhali tangu 1955 Bibi Titi Mohamed alikuwa akiwaingiza wanawake chamani kwa maelfu. Elimu yake ilikuwa darasa la nne.

Masharti yalipolegezwa mwaka 1960, Bibi Titi aliingia bungeni kuiwakilisha Rufiji. Lucy Lameck, aliyeanza kwa kuteuliwa, alichaguliwa na wananchi mwaka 1965. Uwezo wa wanawake haukuzaliwa mwaka 1960. Kilichobadilika ni kipimo.

Leo Katiba inawahakikishia wanawake viti maalumu visivyopungua asilimia thelathini ya wabunge. Ni hatua kubwa. Lakini viti hivyo hupatikana kupitia orodha za vyama, na jimboni mgombea bado hupimwa kwa mfuko wake kabla ya hoja zake. Kigezo kisichotaja jinsia kinaweza kubagua kimyakimya. Anayeandika kanuni ofisini, na anayezipinga barabarani, waanze kwa swali lilelile: mwanamke wa Mgeta atapita?