Kisima cha chumvi na beseni la mchanga

Samahani kwa kimya, majaribio yalitubana kweli kweli.

Juzi mama kapiga simu toka nyumbani. Kile kisima kirefu tulichokichangia kimetoa maji ya chumvi, hata ng'ombe wanayakataa. Waliochimba hawakupima kitu, walichagua tu mahali gari linapofika kirahisi. Iliniuma sana. Nikaingia maktaba kutafuta hivi watu walianzaje kupima maji bila kuchimba.

Kumbe mmoja wa walioanza ni mwalimu mwenzetu! Conrad Schlumberger alikuwa anafundisha fizikia chuo cha madini, Paris. Mwaka 1911 alijaza mchanga kwenye beseni la kuogea, akapitisha umeme na kupima volteji sehemu mbalimbali. Mwaka 1912 akatoka nje, akapima ardhi ya shamba la familia kule Normandy. Nia yake ilikuwa madini, siyo maji. Vita vya 1914 vikamkatisha. Mwaka 1919 baba yake akatoa hela, yeye na mdogo wake Marcel wakaendelea.

Huku Marekani, mwaka 1915, Frank Wenner alieleza mpangilio rahisi: vijiti vinne vya chuma vinachomekwa ardhini kwa mstari, nafasi sawa. Viwili vya nje vinapitisha umeme, viwili vya ndani vinapima volteji. Ukitanua nafasi, kipimo kinaleta habari za chini zaidi. Yaani ni ile ile kanuni ya Ohm tuliyokariri sekondari!

Mwamba mkavu unakataa umeme. Mchanga wenye maji baridi unapitisha kiasi. Maji ya chumvi yanapitisha kirahisi sana, ila hata udongo wa mfinyanzi unafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo kifaa hakioni maji, kinapima ukinzani tu. Anayesoma namba lazima aijue pia miamba ya pale, na aangalie visima vya jirani. Anaweza kukosea, lakini siyo sawa na kubahatisha.

Mama hajui Schlumberger ni nani, na leo kaamka saa kumi kufuata maji mtoni kama kawaida. Ila nikienda mazoezi ya kufundisha, kanuni ya Ohm siianzii ubaoni. Naanza na beseni, mchanga na betri, halafu nawauliza wanafunzi: tungechimba wapi?