Usiku Mto Ulipokosa Njia ya Ziwani

Mwaka sitautaja. Ukitaja mwaka Kyela, mtu wa Mwaya atakuambia wa kwao ulikuwa mbaya zaidi, wa Kajunjumele atakukatiza kabla hujafika katikati, na jioni nzima itaishia kwenye kushindanisha mafuriko. Itoshe kwamba ilikuwa Aprili, Ijumaa kuamkia Jumamosi, mpunga umeshatoa masuke, na barabara ya Ipinda kwenda Matema ilikuwa bado ile ya zamani: vumbi kiangazi, tope miezi mingine yote.

Saa nane mchana mvua ilipumzika, na kupumzika huko ndiko kulikotulaza. Mvua ya Aprili kwetu si habari. Bonde la Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma wanashukuru wakifikisha 600. Sababu yake unaiona kwa macho ukisimama kwenye mchanga wa Matema na kugeuza shingo: mbele ziwa, nyuma Milima ya Livingstone imesimama wima kama imechongwa. Upepo unatoka ziwani umebeba unyevu, unafika mlimani, hauna pa kwenda ila juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga ulichobeba. Huko juu kabisa, Kitulo na Makete, baridi ya Juni na Julai hugandisha umande majanini. Huku chini hatujui kuganda kwa maji. Tunajua wingi wake.

Basi jua lilipochungulia, watu walitoa kakao wakaanika tena. Wachache waliokuwa na jambo la kuwatoa nje upande wa kaskazini waliona anga la Busokelo limefunga, jeusi. Lufilyo unashuka kutoka huko. Mto ule unakimbia kwenye makorongo mpaka unapofika bondeni, mteremko unaisha ghafla, na zinabaki kilomita chache za tambarare kabla ya ziwa. Maji yanayonyesha milimani wakati watu wa Matema wanakula chakula cha mchana yanaweza kufika kwao wakiwa wamelala. Hilo tulilijua sote. Kulijua jambo mchana wa jua ni rahisi mno.

Saa kumi mto ulibadilika rangi, na hapo wazee wa uvuvi walianza kuusoma. Kwanza yalikuja magogo makavu na takataka za kando. Hayo hayamsumbui mtu, mto umejisafisha kingo zake tu. Kisha ikaja migomba, mibichi, na mizizi yake, mmoja bado una mkungu. Maana yake huko juu maji yalikuwa yameshatoka mtoni yakaingia mashambani. Mzee mmoja alihesabu migomba kwa sauti kama anahesabu ng'ombe wa mahari, akafika mahali akaacha kuhesabu, akaenda kufungua mbuzi wake. Nadhani lile lilikuwa tangazo la kwanza rasmi.

Jioni, saa kumi na mbili, ulianza mwera.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana wageni wanaokuja kuota jua ufukweni hawauelewi upepo huu. Matema imekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na inatazama kusini. Mbele yake kuna maji matupu yanayokwenda zaidi ya kilomita 500, yakipita kati ya Malawi na Msumbiji. Mwera ukivuma kutoka huko, mawimbi yanapata nafasi yote hiyo ya kukua kabla ya kutufikia sisi tulio mwisho wa safari. Ziwa hili halichezewi. Mwaka 1946 dhoruba iliizamisha meli ya Vipya upande wa Malawi ya leo, watu zaidi ya 140 wakafa, na ile ilikuwa meli ya chuma. Lakini jioni ile hatari haikuwa kwa waliokuwa ziwani. Mawimbi yalikuwa yanarundika mchanga kwenye mdomo wa mto na kuyasukuma maji yarudi ndani. Lufilyo ukafika na mzigo wake wa mlima mzima, ukakuta mlango umeegemewa kwa nje. Maji ambayo siku nyingine yangemwagika ziwani kwa saa chache yakaanza kusimama, yakapanda, yakatafuta pa kupita.

Saa mbili usiku, saa tatu, hakuna aliyesikia kishindo. Watu hudhani mafuriko yananguruma. Mlimani ndiyo, bondeni hapana. Bondeni maji huja kwa mwendo wa mgeni asiyetaka kuamsha watu, yanajaza majaruba, yanajaza mitaro, yanaingia jikoni, yanazima mafiga. Mwenyekiti wa kijiji alijaribu kupiga simu kwa mabalozi wake. Zile simu za tochi, kwa sehemu kubwa, zilikuwa zimepangwa kwenye ubao dukani sentani zikichajiwa kwa jenereta, maana Ijumaa ndiyo siku ya kuchajisha, kesho yake mnada. Duka limefungwa, mwenye duka kalala, na simu zinaita moja baada ya nyingine gizani. Kilichowaamsha watu ni rimu ya gari inayoning'inia kwenye mwembe wa shule. Mwalimu mmoja aliigonga kwa nondo mpaka mkono ukamfa ganzi, akampokeza mwanafunzi, akaipokea tena. Tangu hapo sijawahi kuicheka kengele ya namna hiyo.

Saa sita ndiyo saa ninayoikumbuka kuliko zote.

Mwera ule ulioziba mto ulikuwa pia umewazuia wavuvi. Usiku wa giza kama ule, bila mwezi, kwa kawaida wangekuwa ndani kabisa na taa zao wakivua usipa, na mitumbwi yote ingekuwa huko pamoja nao. Kwa sababu ya upepo hakuna aliyetoka. Mitumbwi ilikuwa imelala mchangani Matema na Lyulilo, na wenyewe wako macho kwa sababu mvuvi hajui kulala usiku. Waliposikia rimu, hawakungoja kuitwa mara ya pili. Mtumbwi wa gogo ni mzito, lakini walikata migomba, wakaitandika chini, wakauburuza juu ya utelezi wake kutoka ufukweni hadi mahali ambapo jana palikuwa na shamba la mpunga, wakapanda, wakaanza kupiga kasia katikati ya vijiji.

Nikifikiria usiku ule, siwezi kuulaani upepo peke yake wala kuushukuru peke yake. Pasingekuwa na mwera, mto ungepata njia. Pasingekuwa na mwera, mitumbwi isingekuwepo.

Kuwapakia watu kulikuwa kazi kubwa kuliko kupiga kasia. Kila mtu alikuwa na kitu ambacho hawezi kuondoka bila hicho: godoro, redio, nguruwe jike mwenye mimba, fremu ya picha ya harusi, mfuko wa madaftari. Bibi mmoja, mjane, alikuwa amekaa juu ya kichanja chake cha mahindi, miguu inaning'inia majini.

"Juba, panda."

"Panda wewe. Mimi nimeshakaa."

"Maji yanakuja, juba."

"Kwani yameshaenda wapi?"

Kijana aliyekuwa akibembeleza hakubishana. Aliuegesha mtumbwi ubavuni mwa kichanja, akamwambia kwamba watoto waliopakiwa wanalia na hakuna mtu mzima wa kuwashika. Yule bibi akashuka mara moja, akikemea, akiuliza watoto wa nani hawa wameachwa hivi. Mtumbwini kulikuwa na mtoto mmoja tu, na alikuwa amelala. Mpaka wanafika penye kanisa, ambapo ardhi imeinuka, bibi hakumsamehe yule kijana, na asubuhi alikuwa bado anawaeleza watu namna alivyodanganywa.

Saa tisa mvua iliyokuwa imerudi bondeni ilikata. Hakuna la kueleza hapo, ila baridi.

Saa kumi na moja alfajiri maji yalianza kupungua, upepo ukalegea, na ndipo nyumba zilipoanza kuanguka. Hili ndilo wasiowahi kuliona hawaliamini: nyumba haianguki maji yakipanda, inaanguka yakishuka. Ukuta wa tofali mbichi unakunywa maji usiku kucha huku maji yenyewe ya nje na ya ndani yakiushikilia pande zote mbili. Yakiondoka, unabaki umesimama juu ya uji. Tulisikia moja, kishindo kizito kisicho na mwangwi, kisha nyingine, kisha tukaacha kusema "ile ni ya fulani". Waliokufa katika kitongoji chetu hawakuzama usiku. Walikufa asubuhi, nchi kavu, walipokuwa wamerudi kuokoa bati na fremu za milango. Kila nikisikia maelekezo ya mafuriko redioni nangoja yafike hapo, na aghalabu yanaishia kwenye kupanda mahali pa juu.

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita pwani hii ya kaskazini mwaka 1879, alizisifu nyumba za Wanyakyusa alizozikuta, za mianzi, safi, zilizopangwa vizuri kati ya migomba. Sisemi turudi huko. Mchwa na moto vilikuwa na sababu zao. Lakini mwanzi uliolowa hauui mtu. Tulipoacha mianzi tulikwenda kwenye tofali tukaita maendeleo, na wenye uwezo walizichoma, wasio na uwezo wakazikausha juani wakapaka chokaa juu yake. Kwa macho ya kawaida nyumba mbili hizo zilikuwa sawa. Alfajiri ile ilizitenganisha bila kuuliza.

Kulipokucha, saa moja hivi, tuliona bonde. Mpunga ulikuwa umelala chini ya tope upande mmoja wote, na mahali pengine palikuwa na mchanga mweupe wa mtoni unaofika magotini, ambao hauoteshi kitu. Mwalimu yuleyule wa rimu alisema jambo ambalo watu hawakulipenda: kwamba ardhi yote hii, tangu Ipinda hadi ziwani, imeletwa na usiku wa namna hii, mmoja baada ya mwingine, tangu kabla ya babu zetu, na ndiyo maana mchele wa Kyela ni mchele wa Kyela. Alikuwa sahihi, na alichagua saa mbaya ya kuwa sahihi. Huko magharibi, Songwe una tabia mbaya zaidi: mafuriko yakiisha, mto umehama, na kwa kuwa mto huo ndio mpaka, mtu aliyelala Tanzania anaamka shamba lake liko ng'ambo isiyo yake, upande wa Malawi. Serikali mbili zimelazimika kuunda tume ya pamoja ya bonde la mto ule. Lufilyo angalau hugombana na sisi wenyewe tu.

Saa tatu asubuhi, nani angeamini, wanawake wa Kikisi walifika Lyulilo na vyungu. Ilikuwa Jumamosi, siku yao, na ziwa lilikuwa limetulia kiasi. Huko kwao Ikombe milima inaingia moja kwa moja majini, hakuna bonde la kufurika. Walichoona wao njiani ni maji yaliyogeuka kahawia na milango ya watu inayoelea. Walishusha vyungu kama kawaida. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu vyungu vile viliisha kabla ya saa nne, vyote vikiwa vya mkopo, maana sufuria zilikuwa zimekwenda na maji na hospitali ya misheni ilikuwa imeshatuma wauguzi kupita wakisisitiza jambo moja: chemsheni. Vyoo na visima vilikuwa vimekuwa maji mamoja. Kyela inakijua kipindupindu kwa sura, hakuna aliyehitaji hotuba. Shida ilikuwa kuni kavu. Watu walivunja madawati ya zamani, walipasua fremu zilezile zilizowaua wenzao. Mama mmoja wa Kikisi aliulizwa ataandikaje madeni yote yale. Akasema atawakumbuka kwa sura, na wiki zilizofuata ilionekana alikuwa anakumbuka kweli.

Saa nane mchana mtendaji alikaa chini ya mwembe wa shule na daftari lililopigwa mistari: jina, kitongoji, idadi ya watu, mali iliyopotea. Foleni ilikwenda hadi barabarani. Wengine walitaja baiskeli ambazo kijiji kizima kilijua hawakuwa nazo, na mtendaji, aliyekuwa hajalala naye, aliziandika. Zamu ikafika kwa mjane wa kichanja.

"Andika mpunga, gunia kumi na mbili."

"Zilikuwa ndani, juba?"

"Shambani."

"Umeshavuna?"

"Ningevuna mwezi wa sita."

Mtendaji akaweka kalamu chini, akamweleza kwa adabu kwamba fomu inataka mali iliyokuwepo, isiyokuwa bado haiandikiki. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Tata," akasema, "mbegu nilinunua kwa fedha iliyokuwepo. Vibarua wa kupalilia niliwalipa, walikuwepo. Andika."

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walisogea karibu. Karibu wote walikuwa na mpunga shambani, na karibu wote walikuwa wameshaandikisha sufuria tu. Mtendaji aliitazama ile foleni, akafungua ukurasa mpya, akaanza kupiga safu nyingine kwa rula.