Daftari la Mwalimu wa Mchangani

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii inapendwa sana na viongozi wetu wa mpira. Timu ya taifa ikifungwa, utaisikia redioni kesho yake asubuhi: tuwekeze kwa vijana, samaki mkunje angali mbichi. Sawa. Lakini methali haisemi samaki anakunjwa na nani, kwa gharama za nani, na akishakauka jina la aliyemkunja limeandikwa wapi.

Mimi si mwandishi wa michezo. Nilimaliza kidato cha nne, na sasa nahangaika na riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni kijana wa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, anayetaka kuwa mchezaji wa kulipwa. Nilipofika sura ya tatu nikakwama. Kijana huyu nani anamlea? Ikabidi niiweke riwaya kando, nianze kuulizia na kusoma habari za nyuma. Niliyoyapata ndiyo ninayokuletea, ndugu msomaji.

KABLA YA AKADEMI

Zamani neno "akademi" halikuwepo midomoni mwa watu. Mtoto alianza na chandimu mtaani, akaenda shule, akaonekana kwenye mashindano ya UMITASHUMTA au UMISSETA, kisha timu ya shirika au ya idara ikamchukua na kumpa kazi. Wazee wa vijiwe vya hapa Dodoma wakianza kuzitaja CDA na Waziri Mkuu, chai inapoa vikombeni. Timu hizo zilikuwa na mwajiri nyuma yake. Mchezaji alipata mshahara wa ofisi, na jioni akavaa viatu vya mpira.

Klabu kubwa nazo zilijaribu kulea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Yanga ilikuwa na kikosi cha vijana kilichoitwa Yanga Kids, enzi za kocha Mromania Victor Stanculescu. Kazi ilianza vizuri. Lakini katikati ya miaka hiyo ukaja mgogoro, wakubwa wakagombana, klabu ikapasuka. Kundi la waliotoka likaunda Pan African. Taifa Stars ilipokwenda Lagos mwaka 1980 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, nahodha wake Jellah Mtagwa alikuwa mchezaji wa Pan African. Nyumba moja ililima, nyumba nyingine ikavuna. Wala hakuna aliyeiba kitu. Malezi yalikuwa ya mdomo, na wenye mdomo walipogombana hapakubaki karatasi ya kuonyesha nani alimlea nani.

Baada ya Lagos tulikaa miaka 39. Hatukurudi kwenye fainali hizo mpaka 2019.

Katikati ya miaka hiyo yalitokea mambo mawili yaliyowaumiza vijana. La kwanza, mashirika mengi yalibinafsishwa au kufa katika miaka ya 1990, na timu zao zikafa nayo. La pili, mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha mashindano ya shule. Sababu iliyotolewa ilikuwa masomo. Mashindano yalirudishwa baadaye, ila kuna watoto waliokwisha kupita umri bila mtu kuwaona. Hao huwezi kuwarudisha.

KARATASI ILIYOTUTOA MASHINDANONI

Timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu kwenda fainali za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia. Haikwenda. Iliondolewa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri. Watoto wote wa kikosi kile walipoteza safari kwa sababu ya tarehe moja ya kuzaliwa.

Tuseme ukweli, kupunguza umri ni ugonjwa wa mpira wetu. Kijiweni tunacheka: "Jamaa ana miaka 17 mwaka wa sita huu." Lakini siku hizi hakuna ujanja. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Kifundo hakijui kudanganya. Dawa yake ya kweli ni moja: mtoto aandikwe mapema, akiwa na miaka 10 au 12, kabla hajapata sababu ya kudanganya.

Serengeti Boys walifika Gabon mwaka 2017. Wakatoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger 1-0, wakatolewa kwa tofauti ndogo kabisa. Mwaka 2019 tukawa wenyeji, tukafungwa mechi zote tatu. Hata hivyo, dada zao Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia nchini India mwaka 2022, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali.

KUTOKA CHAMAZI MPAKA MAKAO MAKUU

Klabu iliyoonyesha njia kwa vitendo ni Azam. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikajenga uwanja wake Chamazi, Dar es Salaam, na kuweka hapo hapo kituo cha vijana. Mwaka 2014 ikawa bingwa bila kufungwa hata mechi moja. Kituo hicho kimepitiwa na Aishi Manula, Himid Mao na Farid Mussa. Novatus Dismas, aliyetokea huko huko, mwaka 2023 alikuwa Shakhtar Donetsk ya Ukraine.

Siri ya kituo kama kile ni nini? Wengi tunadhani ni nyasi. Nyasi zina kazi yake, hasa kwetu hapa uwanda wa kati, ambapo kiangazi ardhi inakuwa kama saruji, miiba ya migunga inatoboa mpira, na mtoto akianguka anachuna goti. Lakini nyasi peke yake hazilei. Kituo kinalea kwa sababu mtoto yule yule anaonekana kila siku na watu wale wale: analala, anakula, anasoma, anacheza. Urefu wake unapimwa. Alivyoumia mwezi uliopita inajulikana. Akianza kushuka darasani inajulikana pia.

Kwa maana hiyo akademi ni shule yenye uwanja. Ndiyo maana sikushangaa kuona kwamba hapa Dodoma jambo hili halikuletwa na klabu kongwe, lililetwa na shule. Fountain Gate walichanganya darasa na mpira, wavulana kwa wasichana. Aprili 2023 wasichana wa shule hiyo walikwenda Durban, Afrika Kusini, kwenye mashindano ya shule ya Afrika ya CAF, wakarudi na ubingwa. Zawadi yake ilikuwa dola 300,000. Wasichana wa shule kutoka Dodoma, mabingwa wa Afrika! Sisi tunaoandika tulikuwa wapi? Sijakutana na hadithi fupi hata moja juu yao.

Sasa angalia upande wa klabu. Timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2022 ikiitwa DTB iligeuka Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 jina la Singida likatoka, ikabaki Fountain Gate, na makazi yakawa Babati. Miaka miwili, majina matatu. Simlaumu mtu, mpira una gharama. Ninachosema ni kwamba jina la klabu linaweza kuhama usiku mmoja, na mtoto wa miaka 14 hawezi kuhamahama hivyo. Kinachoweza kumfuata popote ni rekodi yake.

FEDHA ZIKO KWENYE MAANDISHI

Hapa ndipo penye uchungu. Tangu mwaka 2001 FIFA ina sheria ya kuwalipa waliomlea mchezaji. Akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Chukua mfano wa bei ya dola milioni 1. Zinatengwa dola 50,000. Klabu aliyochezea akiwa na miaka 12 mpaka 15 inapata dola 2,500 kwa kila mwaka. Kuanzia 16 mpaka 23 ni dola 5,000 kwa kila mwaka. Kwa timu ya mtaani Dodoma hizo ni fedha za jezi, mipira na nauli kwa muda mrefu.

Lakini anayelipwa ni yule aliyeandikwa. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia FIFA Clearing House kule Paris, na kinachoangaliwa ni pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, inayotokana na usajili wa vyama vya soka. Kama kwenye usajili hakuna jina la timu yako, wewe hukumlea. Basi.

Nilimtafuta mwalimu mmoja wa mchangani, mtu wa makamo, anafundisha watoto jioni bila mshahara. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza amelea wangapi.

"Marahaba mwanangu. We acha tu. Ninaowakumbuka ni wengi, nisiowakumbuka ni wengi zaidi."

"Majina yao umeyaandika wapi, mwalimu?"

Akagusa kichwa chake. "Humu."

Akanitajia vijana wawili waliofika ligi za juu. Mmoja alimfundisha miaka minne mfululizo. Kwenye karatasi, miaka minne hiyo haipo.

TUFANYE NINI

Kujenga uwanja kunahitaji tajiri au serikali, hilo sisi vijana hatuliwezi. Daftari la kaunta tunaliweza. Wewe unayesoma jarida hili unajua kuandika, na pengine jioni huna kazi ya maana. Mtaani kwako kuna mwalimu na watoto wake. Nenda ukamsaidie kuandika jina kamili, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, shule, jina la mzazi, siku aliyoanza. Kisha mkumbusheni mwenyekiti aisajili timu kwenye chama cha soka cha wilaya, maana daftari bila usajili ni kumbukumbu tu, fedha halileti.

Hata kumbukumbu tu si haba. Mimi nimeanza na yule mwalimu, kila Jumamosi. Tumefika watoto 31, na wakubwa wao bado anawakumbuka mmoja mmoja.