Injini imefungwa, lori haliwaki: Jinsi ya kupata kontroli boksi sahihi

Injini ya lori ikifa, wamiliki wengi hununua ya mtumba. Zamani kazi iliishia hapo. Isuzu 4HF1, kwa mfano, ina pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta: fundi anaifunga, anatoa hewa kwenye mafuta, inawaka. Mambo hubadilika ukinunua 4HK1, ile ya lita 5.2. Hapa kompyuta, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Husoma sensa za mzunguko wa kranki, joto la maji, hewa inayoingia na presha ya mafuta, kisha hupiga hesabu kwa programu iliyowekwa kwa ajili ya injini fulani kwenye gari la aina fulani.

Ndiyo maana maboksi mawili yanaweza kufanana sura na soketi, yakatofautiana kabisa ndani.

Anza na volti. Elf za Japani hutumia volti 24, lakini malori ya Isuzu yaliyouzwa Marekani yakiwa na 4HK1 hiyo hiyo hutumia volti 12. Boksi la volti 12 likiunganishwa kwenye betri za volti 24 linaweza kuungua papo hapo, na hakuna muuzaji atakayekurudishia fedha.

Halafu gia boksi. Baadhi ya Elf zina gia za Smoother, zinazojibadilisha zenyewe. Boksi lililotoka huko hutegemea taarifa kutoka kwenye gia; likifungwa kwenye lori la gia za mkono, injini inaweza kukataa kuwaka au ikakosa nguvu. Hali ni hiyo hiyo kwa injini iliyokuwa na chujio la moshi kwenye ekzosi. Ukiliondoa chujio na sensa zake, kompyuta huona hitilafu, huwasha taa ya injini na kupunguza nguvu. Kwa lori la kupanda mlima na magunia ya mahindi, hiyo ni hasara ya kila safari.

Njia salama ni kununua injini pamoja na boksi lake, nyaya zake zote na kanyagio la mafuta, vyote kutoka gari moja. Ni bora zaidi ukipata nusu ya mbele ya gari iliyokatwa, maana unaweza kuomba iwashwe mbele yako. Bei huwa juu, lakini kutafuta boksi peke yake baadaye mara nyingi hugharimu zaidi. Nyaya zisikatwe, ondoa kwenye soketi.

Ikiwa injini imekuja bila boksi, piga picha kibandiko cha injini na namba iliyogongwa kwenye bloku. Kama boksi la zamani la injini hiyo lipo, hata likiwa bovu, piga picha namba yake pia. Mtumie muuzaji picha hizo, na tafuta namba inayolingana tarakimu kwa tarakimu. Nozeli nazo zina msimbo ulioandikwa juu yake. Boksi likibadilishwa, fundi mwenye mashine ya kupima aingize misimbo hiyo, la sivyo injini inaweza kutikisika na kutoa moshi. Kama ufunguo una chipu ya kuzuia wizi, nao lazima utambuliwe na boksi.

Kabla ya kulihukumu boksi, mwambie fundi akague fyuzi, rilei na waya wa athi unaofungwa kwenye chesisi. Maboksi mengi mazima yametupwa kwa sababu ya athi yenye kutu. Na mkichomelea mabano ya injini, tenganisheni betri na kuchomoa boksi kwanza.

Injini hiyo ina namba mpya, na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Tunza risiti ya ununuzi, kisha omba mabadiliko TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, na ijulishe kampuni yako ya bima.